Istakhri, Hudud al-Alam, Nasir Khusraw au Mustawfi: uanze na nani katika jiografia ya Waajemi?

Siraf, bandari ya Uajemi kwenye Ghuba, palikuwa na mtu aliyekaa baharini karibu miaka 40 bila kushuka nchi kavu. Chombo kikitia nanga, aliwatuma wenzake mjini wakauze na kununua. Chombo kikiharibika, alihamia kingine. Habari yake imo katika kitabu cha al-Istakhri cha karne ya 10, na ni habari ya kumfanya mtu aseme: kitabu hiki nakitafuta leo hii. Akishaanza kukitafuta, anakwama. Kando ya Istakhri anakuta Hudud al-Alam, Safarnama ya Nasir Khusraw na Nuzhat al-Qulub ya Hamdallah Mustawfi, na kila kimoja kinatajwa kuwa ndicho msingi. Muda ni mchache, tafsiri nyingine ni ghali, na hakuna apendaye kujikuta katikati ya hesabu za kodi za wilaya wakati alichokuwa akikitaka ni ramani.

Nimevipanga vinne hivyo pamoja. Biruni nimemwacha nje kwa makusudi: kitabu chake cha kuainisha mahali pa miji, alichokimaliza mwaka 1025, kinadai hesabu za pembetatu na falaki, na anayekihitaji anajijua. Hafiz-i Abru wa Herat naye, aliyeagizwa kazi yake mwaka 1414 na Shahrukh mwana wa Timur, anasomeka vizuri zaidi baada ya hao waliomtangulia.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Ninaposema jiografia ya Waajemi sina maana ya lugha peke yake. Istakhri alikuwa Mwajemi wa Fars, jimbo la kusini mwa Uajemi, lakini aliandika Kiarabu, lugha ya elimu ya wakati wake, na kitabu chake kikatafsiriwa Kiajemi baadaye. Wale watatu wengine waliandika Kiajemi moja kwa moja.

Vigezo

Nitavipima kwa mambo matano. Mwandishi alijuaje anayoyasema? Ana ramani, na kama anayo, inasomwaje? Namba zake ni za kuhesabia nini? Anasema nini juu ya nchi ya Zanji, yaani pwani yetu? Na kitabu kinapatikana na kusomeka kwa kiasi gani? Kigezo cha nne nimekitia kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Tehran angeweka kingine mahali pake.

Kigezo cha usahihi sikukiweka. Mtu anayeuliza ni ramani gani ya zamani iliyo sahihi zaidi kwa kawaida anamaanisha ipi inafanana zaidi na ile iliyomo kwenye simu yake, na kwa kipimo hicho wote wanne wanafeli mtihani ambao hawakuufanya.

Ni vitabu gani hivi

Cha kwanza ni *Masalik wa-Mamalik*, Njia na Falme, cha Abu Ishaq al-Istakhri, mwenyeji wa Istakhr, mji uliokuwa jirani na magofu ya Persepolis. Ni cha katikati ya karne ya 10.

Cha pili, *Hudud al-Alam*, Mipaka ya Dunia, hakina jina la mwandishi. Tunajua tu kwamba kilitungwa mwaka 372 Hijria, sawa na 982 Miladia, huko Guzgan, kaskazini mwa Afghanistan ya leo, kikatunukiwa amiri wa hapo wa ukoo wa Farighun. Ni kitabu cha jiografia cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana katika nathari ya Kiajemi.

Cha tatu ni *Safarnama*, Kitabu cha Safari, cha Nasir Khusraw, karani wa serikali aliyezaliwa mwaka 1004 huko Qubadiyan, Tajikistan ya leo. Kinasimulia mwendo wake wa 1046 hadi 1052.

Cha nne ni *Nuzhat al-Qulub*, Burudani ya Nyoyo, cha mwaka 1340. Mwandishi wake, Hamdallah wa Qazvin, alikuwa mkaguzi wa hesabu za kodi chini ya watawala wa Kimongolia wa Uajemi, na neno *mustawfi* katika jina lake ndiyo kazi yenyewe.

Alijuaje?

Istakhri anasimama katikati, kati ya msafiri na mtu wa maktaba. Alirithi kazi ya Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, na kwa hiyo wataalamu huwaita yeye na wenzake "shule ya Balkhi". Penye nchi yake mwenyewe, Fars, anaandika kama mtu anayeeleza mtaa aliokulia: ngome, mito, makabila ya wafugaji, mahekalu ya moto, wilaya moja baada ya nyingine. Akienda mbali, maelezo yanapungua unene. Jirani yake katika fani, Ibn Hawqal, anasimulia kwamba walikutana, wakaoneshana ramani zao, na Istakhri akamwomba akisahihishe kitabu chake. Mimi hadithi hiyo inanipa imani zaidi na Istakhri kuliko sifa zote alizopewa.

Mwandishi wa Hudud hakutoka nyumbani, au kama alitoka hakutuambia. Alikaa na vitabu vya waliomtangulia, akavichambua, akapanga dunia nzima kwa mpango mmoja: kwanza bahari, visiwa, milima, mito na majangwa, kisha nchi 51, kuanzia China upande wa mashariki. Usimdharau kwa kukaa kwake mezani. Guzgan iko kwenye ukingo wa nyika za Waturuki, na habari zake za makabila ya huko (Waqarluq, Wakimak, Waghuz na wengineo) ni hazina ambayo watafiti wa historia ya Asia ya Kati wanaichimba hadi leo, kwa sababu sehemu ya vitabu alivyovitumia, kikiwemo cha waziri Jayhani wa Bukhara, vimepotea.

Nasir Khusraw anajua kwa miguu yake. Alikuwa na miaka zaidi ya 40 alipoota ndoto iliyomfanya aache pombe na kazi ya serikali. Akaondoka Marw pamoja na ndugu yake na kijana mmoja wa Kihindi aliyewatumikia. Tabriz alikutana na mshairi Qatran, aliyetunga mashairi mazuri lakini, kwa maneno ya Nasir, Kiajemi hakikumkaa sawasawa, akamletea diwani za washairi wengine amfafanulie. Huko Falaj, katikati ya Uarabuni, alikwama miezi minne bila senti. Akaipamba mihrabu ya msikiti kwa rangi aliyokuwa nayo, akalipwa tende. Alipofika Basra alikuwa amechakaa vibaya. Akaenda hamamu na nduguye wakoge, mhudumu akawafukuza akidhani ni wendawazimu, na watoto wa mtaani wakawatupia mawe. Siku chache baadaye, wakiwa wamesaidiwa na waziri mmoja na kuvikwa nguo safi, walirudi pale pale, na wahudumu wakasimama kwa heshima. Hakuna kitabu kingine kati ya hivi vinne kitakachokuambia inakuwaje mtu kuingia mji akiwa hana kitu.

Lakini macho ya msafiri yana upande wayo. Cairo ya Wafatimiya, watawala wa Kiismailia, ilimpendeza mno. Aliporejea Balkh mwaka 1052 akawa mlinganiaji wa madhehebu ya Ismailia, na mwisho wa maisha yake ukamkuta uhamishoni Yumgan, kwenye milima ya Badakhshan. Usifu wa Misri katika Safarnama usome ukiyajua hayo.

Mustawfi alijua kwa daftari. Aliwahi kusimamia hesabu za Qazvin, Abhar na Zanjan, na katika ofisi hizo makaratasi ya mikoa mingine yalimpitia mkononi. Penye mapengo alinakili: sura yake ya Fars imetoka kwa sehemu kubwa katika kitabu cha Ibn al-Balkhi, kilichotangulia kwa zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo unapomsoma juu ya Fars jiulize kila mara unaisikia sauti ya karne gani.

Ramani

Hapa ndipo vitabu vinapoachana njia, na hapa nitakaa kidogo.

Kitabu cha Istakhri kimejengwa juu ya ramani. Zipo 21: moja ya dunia nzima, tatu za bahari (ya Fars, yaani Ghuba na Bahari ya Hindi; ya Rum, yaani Mediterania; na ya Khazar, yaani Kaspi), na nyingine za majimbo, kuanzia Uarabuni hadi nchi ya ng'ambo ya mto Jayhun (Amu Darya). Maandishi yenyewe mara nyingi ni kama maelezo ya kumsaidia mtu anayeitazama picha. Katika ramani ya dunia kusini kuko juu. Ardhi ni duara lililozungukwa na maji, na bahari mbili zinaingia kutoka pande mbili, ya Rum na ya Fars, zikikaribiana pale Misri kama vidole viwili vinavyotaka kugusana. Afrika imekaa juu, na pwani yake inanyooka kuelekea mashariki hadi inatazamana na India.

Anayeiona kwa mara ya kwanza hucheka. Mto Nile ni kama umechorwa kwa rula. Sicily, Crete na Cyprus ni miduara mitatu katikati ya bahari ya Rum. Bahari ya Khazar nayo ni duara. Hakuna kipimo, hakuna digrii. Hebu fikiria ule mchoro wa njia za mabasi ya mwendokasi unaobandikwa kituoni, kutoka Kimara hadi Kivukoni: mstari umenyooka, vituo vimepangwa kwa nafasi zilizo sawa, na wewe hulalamiki kwamba barabara ya Morogoro ina mikunjo, maana unachotaka kujua ni kituo gani kinafuata kipi. Ramani ya Istakhri inafanya kazi hiyo. Inakuambia ukitoka mji huu unafika upi, mto gani unavuka, jangwa liko mkono gani. Umbo la pwani si shughuli yake.

Tahadhari moja kwa watakaozitafuta picha zake mtandaoni. Hakuna ramani iliyobaki yenye mkono wa Istakhri mwenyewe. Nakala za zamani zaidi, za Gotha na Leiden, ni za mwishoni mwa karne ya 12, zaidi ya miaka 200 baada yake, na wanakili waliendelea kuzichora upya kwa karne nyingi, Uajemi na kwa Waturuki wa Osmani, kila mmoja kwa rangi na madoido yake. Ile iliyonakshiwa kwa dhahabu inayosambaa sana huenda ni ya zama nyingine kabisa.

Hudud al-Alam ina hadithi ya kusikitisha hapa. Mwandishi anaitaja ramani aliyoichora, na mahali pengine anamwelekeza msomaji huko. Ramani hiyo haipo. Tumebaki na maelezo ya picha iliyopotea, na wapo watu wanaofurahia kuichora upya kutokana na maneno. Kama wewe ni mmoja wao, umepata kazi ya likizo nzima.

Safarnama haina ramani, na haikukusudiwa kuwa nayo. Unaweza kujichorea mwenyewe, maana anataja vituo kwa mpangilio.

Mustawfi analeta kitu kipya. Nakala za kitabu chake zina ramani ya Uajemi iliyogawanywa kwa mistari ya longitudo na latitudo kama daftari la hesabu, na jina la mji likaandikwa ndani ya kisanduku chake. Milima na barabara hazina nafasi kubwa. Mji ni anwani. Wachina wa wakati huohuo, nao wakiwa chini ya Wamongolia, walichora ramani ya nchi za magharibi yenye visanduku vinavyofanana na hivyo, mwaka 1331, na wanahistoria wa sayansi wamejadiliana sana juu ya mfanano huo. Majedwali ya digrii Waislamu walikuwa nayo tangu zamani. Wanafalaki wa Maragha chini ya Nasir al-Din Tusi walikuwa wameshayasahihisha katika karne ya 13. Kuyapeleka kwenye ramani ya nchi iliyo ndani ya kitabu cha kusomwa na makarani ni jambo jingine, na ramani hiyo inafaa kutazamwa na yeyote anayedhani ramani za Kiislamu zote ni miduara ya Istakhri.

Namba

Istakhri anahesabu safari: marhala, yaani mwendo wa siku moja, na farsakhi, ambayo ni karibu kilomita 6. Hudud ina masafa machache sana. Inachopenda ni bidhaa. Tibet inatoa miski. Nchi ya Warusi ina panga za thamani zinazokunjika mara mbili, ukiziachia zinarudi zilivyokuwa. Ukipitia orodha hizo unaona soko la karne ya 10 limetandazwa mbele yako.

Nasir anahesabu majengo, watu na fedha, na ndiye anayekufurahisha zaidi kwa jinsi anavyopata namba zake. Alipofika Baitul Muqaddas mwaka 1047 alitaka kuupima uwanja wa msikiti. Akazunguka, akauzoea, mwisho kwenye ukuta wa kaskazini akakuta jiwe lililoandikwa: urefu dhiraa 704, upana 455. Akalinakili, kisha akaeleza kwamba dhiraa hiyo ya kifalme ndiyo inayojulikana Khurasan kwa jina jingine, na kwamba inapungua kidogo tu kufikia dhiraa moja na nusu za kawaida. Mtu aliyekaa ofisi ya serikali haachi namba bila kueleza kipimo chake. Kwa Cairo anataja maduka 20,000, yote mali ya sultani, yakikodishwa kwa dinari 2 hadi 10 kwa mwezi. Hiyo aliambiwa, hakuhesabu mlango kwa mlango, na mimi ningeichukua kama kipimo cha mshangao wake. Mwishoni anajumlisha njia yake yote, Balkh hadi Misri hadi Makka hadi Basra na kurudi: farsakhi 2,220, bila kuhesabu michepuko ya ziara.

Mustawfi anahesabu kodi. Mji baada ya mji anaandika ulivyokuwa ukilipa zamani na unavyolipa sasa, na aghalabu pengo ni kubwa. Kwa dola nzima anasema mapato yalikuwa dinari milioni 17 na zaidi kabla ya marekebisho ya Ghazan Khan, mtawala wa Kimongolia, yakapanda hadi milioni 21 na zaidi baada yake. Kwa zama za Waseljuqi waliotangulia uvamizi anatoa tarakimu kubwa mara nyingi kuliko hizo. Wanauchumi wa historia wanabishana kama sarafu zinalingana. Hata hivyo hakuna mwingine aliyetuachia picha kama hii ya nchi iliyopigwa na Wamongolia ikijaribu kusimama, imeandikwa na mtu aliyekuwa akiidai kodi.

Mustawfi ana pia jicho la mabadiliko ya ardhi. Anaandika kwamba mto Jayhun uligeuza njia ukamwaga maji yake Bahari ya Khazar, maji yakapanda, na bandari ya Abaskun ikazama. Njia zake zote anazianza Sultaniyya, mji mkuu mpya wa Wamongolia. Leo ukifika huko utaona kuba kubwa ya kaburi la Uljaytu, mtawala mwingine wa Kimongolia, na mji mdogo pembeni yake.

Zanji, yaani kwetu

Nisikudanganye: katika vitabu hivi vinne pwani yetu ni pembe ya mbali.

Istakhri anatupa kilicho bora, nacho kimejificha kwenye maelezo ya Siraf. Anasema nyumba za huko zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanji, na kwamba mfanyabiashara mmoja alitumia dinari 30,000 kwa nyumba yake. Anayezijua boriti za mikoko za Lamu na Rufiji, ambazo majahazi yaliendelea kuzipeleka Ghuba hadi karne ya 20, atatua kitabu hapo na kuvuta pumzi. Sentensi moja hiyo inaunganisha bandari ya Fars na mikoko yetu miaka elfu iliyopita. Wanaotafuta ushahidi wa hadithi za Washirazi wa Kilwa na Zanzibar wasiivute kuliko inavyoweza kubeba: inasema mbao zilikwenda, haisemi nani alihamia.

Hudud ina sura fupi ya Zangistan. Inaitaja Sufala kuwa makao ya mfalme, na mji wa pwani wanakofikia wafanyabiashara. Watu inawasema kwa dharau ya mtu ambaye hajawahi kuwaona. Isome ukijua hivyo.

Nasir hakufika Zanji, lakini Zanji alikutana nayo Lahsa, mashariki mwa Uarabuni, katika dola ya Wakarmati: anataja watumwa 30,000 wa Kizanji na Kihabeshi wakilima mashamba na bustani za watawala. Msomaji wa pwani anayetaka kujua watu waliochukuliwa huku walipelekwa wapi, mstari huo una uzito kuliko sura nzima ya Hudud.

Mustawfi shughuli yake ni Uajemi; nje ya hapo anapita haraka, na kwa Zanji haraka zaidi.

Kupatikana na kusomeka

Safarnama ndiyo nyepesi kuliko zote. Ni kitabu chembamba. Kuna tafsiri ya Kifaransa ya Charles Schefer ya mwaka 1881 na ya Kiingereza ya Wheeler Thackston ya 1986. Anayejifunza Kiajemi anaweza kujaribu asili yake mapema, maana sentensi zake ni fupi na safi.

Hudud imetufikia kwa uzi mwembamba. Imebaki nakala moja, iliyoandikwa mwaka 1258, mwaka uleule Baghdad ilipoangushwa, na ikagunduliwa Bukhara mwaka 1892 wakati mtaalamu wa Kirusi Tumansky alipokuwa akisaka kitabu kingine kabisa. Barthold aliichapisha kwa picha Leningrad mwaka 1930, na Vladimir Minorsky akaitafsiri Kiingereza mwaka 1937. Maelezo ya Minorsky ni marefu kuliko kitabu chenyewe mara kadhaa. Wengine hukimbia, mimi nadhani ndiyo faida yake, mradi usome matini kwanza kisha urudi kwenye maelezo.

Istakhri ana mtego. Matini ya Kiarabu ilihaririwa Leiden na de Goeje mwaka 1870, na Iraj Afshar alichapisha tafsiri ya zamani ya Kiajemi Tehran katika miaka ya 1960. Kwa Kiingereza utakutana na kitabu cha William Ouseley cha mwaka 1800 kinachodai kuwa cha Ibn Hawqal. Ni Istakhri, kwa kupitia nakala ya Kiajemi. Ouseley alikosea jina. Kinapatikana bure, kinasomeka, lakini usikitegemee kwa majina ya miji.

Nuzhat al-Qulub ina sehemu tatu, na ya tatu ndiyo jiografia. Guy Le Strange aliihariri mwaka 1915 na kuitafsiri 1919. Si kitabu cha kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Kifungue kwenye mji unaoutaka, kama kamusi.

Nani aanze na kipi

Kama hujawahi kusoma kitabu chochote cha karne hizo, na unaogopa kuchoshwa, chukua Safarnama. Ukishindwa kuimaliza, hivyo vingine viache kwa sasa.

Mwalimu wa historia au jiografia anayetaka somo moja la darasani la kuwaonesha wanafunzi kwamba ramani huchorwa kwa kusudi fulani, achukue ramani mbili: ya dunia ya Istakhri na ya visanduku ya Mustawfi. Aziweke ukutani bila maelezo, awaache wanafunzi wabishane, kisha ndipo awaambie kusini iko wapi.

Anayefuatilia uchumi, kodi, au athari za uvamizi wa Wamongolia hana njia ya kumkwepa Mustawfi. Amsome na kalamu mkononi, na kila penye neno la kusifu hali ya hewa na matunda ya mji aruke hadi kwenye dinari.

Historia ya Waturuki na nyika, au biashara ya manyoya, miski na silaha, ni Hudud. Vilevile wapenzi wa lugha: Kiajemi chake cha karne ya 10 kina maneno ya Kiarabu machache kuliko cha waliofuata.

Mtu wa pwani anayetafuta mizizi ya majahazi, aliyeshangaa kwamba bandari, nahodha na hata "Zanzibar" ni maneno yenye asili ya Kiajemi, aanze na Istakhri, sura ya Fars, kurasa za Siraf na ramani ya Bahari ya Fars. Kisha aende Safarnama, sehemu ya Lahsa na Basra. Na akiona bado ana njaa, atoke nje ya orodha hii kabisa: al-Mas'udi, mtu wa Baghdad, alisafiri mwenyewe hadi Qanbalu, kisiwa cha nchi ya Zanji, na kuondoka huko kurudi Oman karibu mwaka 916, na Buzurg ibn Shahriyar, nahodha kutoka Ramhurmuz, alikusanya masimulizi ya mabaharia waliofika Sufala. Wote wawili waliandika Kiarabu, na hakuna kati yao aliyechora ramani kama za Istakhri, lakini upepo wa kaskazi unavuma ndani ya kurasa zao.